Mzee Kamegai wa Tokiwazaka Anaaga Sufuria

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bwana Kamegai Tetsuro anastaafu rasmi baada ya kuutumikia mkahawa wetu wa Tokiwazaka kwa miaka arobaini na mitatu. Miaka hiyo yote, isipokuwa michache ya mwanzo, aliisimamia sufuria moja ya shaba, akikaanga nyama ya nguruwe mbele ya watu waliokuwa wakimtazama na kumeza mate. Mama Sugimori, mwenye mkahawa, ameniomba niandike maneno haya kwa ajili ya hafla ya kumuaga. Mimi ni mhudumu wa kaunta. Marehemu mume wangu, Nozue Yoshitaka, alifanya kazi ubavuni kwa Bwana Kamegai mpaka alipofariki mwaka juzi, mwezi wa Novemba. Kwa hiyo nikimtaja mume wangu mara kwa mara, mniwie radhi. Wawili hawa walikuwa hawatenganishiki jikoni, na hata kwenye karatasi nimeshindwa kuwatenganisha.

Bwana Kamegai alizaliwa Murakami, upande wa kaskazini, mtoto wa fundi wa milango ya karatasi. Alikuja Tokyo akiwa na nia ya kufanya kazi mwaka mmoja tu, apate fedha za kununua pikipiki, kisha arudi kwao. Pikipiki hiyo hajainunua mpaka leo.

Walimwanzisha kwenye kabichi, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Marehemu baba yake Mama Sugimori, aliyekuwa bosi wakati huo, alikuwa akichota kabichi iliyokatwa na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kama mwanga haukupenya kati ya nyuzi, aliuliza kwa upole kabisa: "Kamegai, hii ni kabichi au ni uzio?" Wenzake waliolala naye chumba cha juu walisema alikuwa akikata kabichi hata usingizini, mkono ukipanda na kushuka juu ya godoro. Siku bosi alipoinua kabichi na asiseme neno, Bwana Kamegai alikwenda nyuma ya mkahawa akakaa juu ya kreti, akatabasamu peke yake hadi akaitwa.

Mume wangu aliajiriwa baadaye kidogo, na bosi akawasimamisha pamoja, bega kwa bega. Nozue alikuwa kushoto. Alikata nyama, akaigongagonga, akaitia chumvi, akaipitisha kwenye unga, kwenye yai, na mwisho kwenye chenga za mkate. Kisha aliilaza kwenye ubao. Kamegai, aliyekuwa kulia, aliichukua na kuizamisha kwenye mafuta taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Mimi nilikuwa nikiita tu: "Mgongo wawili, sarara mmoja!" Mgongo ni ile nyama yenye ukanda wa mafuta pembeni, na sarara ni ile laini isiyo na mafuta. Hawakuitikia. Mikono ndiyo iliyoitikia.

Ninyi mnaokula kwetu mnajua hali ilivyo. Nje, kwenye foleni, watu hupiga gumzo na kulalamikia baridi. Wakishavuka pazia la mlangoni na kuketi kaunta, hunyamaza wenyewe. Mvuke wa wali unapanda, vioo vinaingia ukungu, na barabara ya Okachimachi inapotea kana kwamba haijawahi kuwapo. Inabaki sauti ya mafuta tu. Mwanzoni ni nzito, ya mvua kubwa. Mtu anaisikiliza huku ameshika kikombe cha chai, macho yake hayako hapa wala pale. Nimewaona watu wakilia pale bila kujua wanalia. Nimemwona bwana mmoja akisinzia ameketi wima, na Bwana Kamegai akakichelewesha kipande chake ili asimwamshe. Kisha kisu kinapita kwenye ganda, kra, kra, kra, na kila mtu anarudi duniani akiwa na njaa. Kipande cha kwanza kwa chumvi, cha pili kwa sosi, cha tatu kwa haradali hadi pua iwake. Halafu bakuli la supu ya miso, halafu mkono unaoinua sahani kuomba kabichi nyingine.

Siku ya lile tetemeko kubwa la Machi 2011, sahani zilianguka kutoka kwenye rafu na wateja wakaingia chini ya kaunta. Bwana Kamegai alizima moto, akafunika sufuria kwa mfuniko wake mzito wa mbao, akaukumbatia. Mume wangu alikumbatia upande wa pili. Jengo lilipokuwa likiyumba, tulimsikia Bwana Kamegai akisema, "Kaeni hukohuko chini, mafuta tumeyashika." Naye Nozue akamjibu, "Wewe mafuta umeyashika, mimi ni nani amenishika?" Tulicheka tukiwa chini ya kaunta, tunatetemeka. Treni zilikuwa zimesimama. Baadaye mimi nilitangulia nyumbani kwa mguu, na mume wangu alifika usiku akiwa na kipande cha katsu, hii nyama yetu ya kukaanga, ndani ya mkate, kilichobanwa kikawa bapa kama bahasha mfukoni mwake. "Kamegai amekutumia," akasema. Tulikila kikiwa cha baridi, na mpaka leo sijala kitu kitamu kuliko kile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bwana Kamegai mwenyewe amenipa ruhusa kulisema.

Nozue alipofariki, Mama Sugimori aliufunga mkahawa kwa siku za maombolezo. Tulipofungua tena, Bwana Kamegai alisimama mahali pake, na mahali pa mume wangu pakawa patupu. Aliipaka nyama chenga za mkate mwenyewe. Mchana ule vipande vilitoka vyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mzee Ebihara, mchonga mihuri, ambaye hula kwetu kila Jumanne tangu ana nywele, alitafuna, akatafuna, akaweka vijiti chini.

"Kamegai," akasema kwa sauti kubwa, "leo umenikaangia nyama au soli ya kiatu?"

Kaunta nzima ikacheka. Bwana Kamegai aligeuka, akaona tunacheka, akainama kwa heshima na kutabasamu.

"Asante sana," akasema. "Karibu tena."

Kicheko kikakauka. Mzee Ebihara akachukua vijiti vyake na kumaliza chakula chote, mpaka chembe ya mwisho, bila kuinua uso.

Baada ya mlo wa mchana nilimfuata Bwana Kamegai nyuma, kwenye uchochoro. Alinitazama midomo kabla sijaifungua.

"Shemeji," akasema, "mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Mafuta. Watu nawasikia kidogo, nikiwatazama midomo. Mafuta hayana midomo."

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema ni miaka kadhaa sasa. Alikwisha kununua vile vifaa vya masikioni, lakini jikoni vilimletea ngurumo ya feni tu. Nami nikamuuliza, kama ni miaka kadhaa, mbona nyama haikuwahi kuharibika?

"Nozue alikuwa akinisikilizia," akasema. "Mafuta yakibadilika sauti, aligonga ubao kwa kidole. Mara moja tu. Mimi huuegemea ule ubao, kwa hiyo nausikia kwa tumbo."

"Mlipatana hivyo?"

"Hatukupatana chochote. Siku moja nilichelewa kutoa kipande, nikahisi ubao umegongwa. Kesho yake tena. Hatukulizungumza hata mara moja, shemeji. Sasa amekwenda na hata asante sijampa."

Nilisimama pale na aproni yangu. Nyumbani, kila nilipokuwa nikikaanga kitu, mume wangu akiwa mezani aligonga meza kwa kidole. Miaka yote nilidhani ni njaa. "Subiri wewe, njaa haiui," nilikuwa nikimwambia, naye alicheka tu, akaniacha niamini hivyo.

Jioni ile Bwana Kamegai alimweleza Mama Sugimori kila kitu. Aliinama hadi paji la uso likakaribia kaunta, akaomba aachishwe kazi kabla hajaliharibu jina la nyumba. Mama Sugimori hakumwachisha. Alimwambia, "Pumzika ukitaka, mzee. Lakini sufuria nimpe nani? Tuweke saa ya kulia, tuongozwe na king'ora kama stesheni?"

"Saa haikijui kipande," akajibu. "Nyama ya leo si ya nguruwe wa jana."

"Na macho je? Macho si unayo?"

"Macho yanaona mambo yakishapita, mama. Sikio ndilo linalotangulia."

Hapo ndipo alipokwama. Alitaka kuondoka akiwa bado na heshima yake, lakini hakuweza kuiacha sufuria bila mtu wa kuisikia. Na yeye, aliyepaswa kumfundisha mtu huyo, sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kumtoka.

Akamchagua Aragaki Nao, ambaye sisi tunamwita Nao tu. Wengi wenu mnamfahamu: mwanamke wa Okinawa, mwenye kicheko kinachovuka barabara, aliyekuwa mpishi wetu wa wali na supu. Bwana Kamegai alimsimamisha mahali pa mume wangu.

"Mzee, nisikilize nini hasa?"

"Sauti ikibadilika, ugonge ubao."

"Inabadilikaje?"

Bwana Kamegai akafikiri sana. "Nilikuwa nakumbuka," akasema.

"Eh! Huyu ni kipofu anayenifundisha rangi!"

"Ndiyo. Nawe una macho, kwa hiyo nyamaza ujifunze."

Majira yale ya baridi, kabla mkahawa haujafunguliwa, walikaanga na kukaanga. Nao aligonga mapema, nyama ikatoka mbichi katikati. Aligonga baada ya wakati, ikatoka kavu. Bwana Kamegai alikata kila kipande, akamwonyesha ndani, hakugomba. Makosa yote tuliyala sisi. Tuliyala kwa mchuzi wa kari, tuliyala kwa mayai juu ya wali, tuliyala ndani ya mkate, hadi aproni yangu ikaanza kukataa kufungwa. Ilipofika saa ya wateja, Bwana Kamegai alikaanga kwa macho na kwa hofu. Kila kipande alikikata kwanza upande wake, akachungulia, ndipo akakitoa. Foleni ilikuwa ikisogea polepole. Hakuna aliyelalamika mbele yake. Wateja wetu ni watu wema, ila tuliwaona wengine wakiangalia saa na kuondoka.

Mwezi wa Juni mvua za msimu ziliingia. Alasiri moja tulikuwa uchochoroni, Nao na mimi tumeketi juu ya kreti za kabichi, Bwana Kamegai amesimama mlangoni akinoa kisu. Mvua ilikuwa ikipiga bati la duka la jirani. Nao alikuwa amekata tamaa. Alisema, "Mama Nozue, mimi nitarudi kwenye wali. Wali hauna siri."

Sijui kwa nini nilikumbuka jambo dogo. Nilimwambia kwamba mume wangu alipenda kulala chali akisikiliza mvua, na ilipokuwa ikififia, kabla haijakatika, alikuwa akisema peke yake, "Sasa imeiva." Nilimchukulia kama mtu anayeongea na ndoto.

Nao alifumba macho. Tulikaa hivyo, harufu ya maji na kabichi imetuzunguka, na ile mvua ikitua juu ya bati kwa kishindo, kishindo, kishindo. Ilitua muda mrefu. Kisha ikawa nyepesi. Haikukoma, ilijivua uzito tu, kama mtu anayevua koti mlangoni. Kidole cha Nao kikagonga kreti.

Bwana Kamegai hakuwa ameisikia mvua wala maneno yetu. Alikuwa ameona kile kidole. Alitazama kidole, akatazama angani, akaacha kunoa.

"Imeiva?" akauliza.

Kumbe neno lile mume wangu alikuwa akilisema jikoni pia, zamani, Kamegai alipokuwa bado anasikia.

"Imeiva, mzee," Nao akasema.

Jioni ileile kipande cha kwanza alichokigongea kilitoka kama inavyotakiwa: ganda la rangi ya asali, ndani waridi hafifu, maji ya nyama yanang'aa bila kutiririka. Bwana Kamegai alikitazama muda mrefu. Kisha akakipeleka kwa mteja. Mteja alikuwa kijana wa benki, alikula huku akisoma simu yake. Hakujua kitu. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tangu siku ile Nao alimsikilizia, na foleni yetu ikarudi mwendo wake. Ila Bwana Kamegai alijua kwamba hiyo ilikuwa nusu ya safari. Kusikia kwa ajili ya mikono ya mwingine ni kazi moja. Kusikia na kutoa kwa mikono yako, mwenyewe, bila mtu wa kumlaumu, ni kazi nyingine. Mara mbili Mama Sugimori alimwuliza tarehe ya kustaafu, na mara mbili akasema, "Bado." Mwezi uliopita alisema angependa kula.

Hilo lilitushangaza. Katika miaka yote hiyo Bwana Kamegai hakuwahi kuketi kaunta. Wapishi wa nyumba hii hula ghorofani, kwa haraka, vipande vya pembeni. Tulichagua Jumatano, siku yetu ya mapumziko. Alikuja kama kawaida yake kwa mlango wa nyuma, akavaa buti zake nyeupe za mpira, akaikagua sufuria, akauwasha moto. Kisha akamkabidhi Nao vijiti virefu vya kukaangia, akazunguka, akaketi kiti cha katikati. Hakujua aweke wapi mikono. Akatazama juu.

"Kumbe feni ni chafu namna hii!"

"Mzee, mteja hakagui feni," Nao akamwambia.

Nikamwekea chai na kitambaa cha moto. "Karibu. Mgongo au sarara?"

"Chochote."

"Hapa hatuuzi chochote."

Akaona haya. "Basi mgongo."

Nao akaandaa nyama, akaizamisha. Bwana Kamegai aliitoa mikono yake kwenye kaunta na kuiweka magotini, asije akapeleleza mtikisiko kwa viganja, kisha akafumba macho. Mimi na Mama Sugimori tulisimama kando ya mlango. Mafuta yaliunguruma. Mvuke ulipanda ukamzingira Nao hadi akawa kivuli, na kwa kitambo sikuweza kusema ni nani aliyesimama pale nyuma ya mvuke, wala ni mwaka gani. Sauti ikawa nzito, ikawa nzito, ikapungua. Nao akatoa. Akasubiri nyama itulie. Akakata.

Bwana Kamegai alianza na kipande cha katikati, kwa chumvi. Alitafuna polepole sana. Nao alikuwa akifuta ubao uliokwisha kuwa safi. Alikula kipande cha pili, kwa sosi. Cha tatu, kwa haradali, na machozi yakamlengalenga, nasi tukakubaliana baadaye kwamba ilikuwa haradali. Hakusema ni kizuri wala ni kibaya. Alinyoosha sahani kwangu.

"Kabichi, tafadhali. Niongezee."

Nikamwongezea. Alikula yote, akanywa supu, akamaliza wali punje kwa punje. Kisha akakutanisha viganja, akamwinamia Nao kama mteja yeyote anavyomwinamia mpishi asiyemjua.

"Asante kwa chakula. Kilikuwa kitamu."

Akasimama, akarudisha kiti mahali pake, na akatoka kwa mlango wa mbele. Sikuwahi kumwona akiutumia mlango ule. Viatu vyake vya barabarani vilikuwa vimebaki kule nyuma. Nilivichukua nimkimbilie, Mama Sugimori akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Anatembea vizuri."

Tukachungulia wote watatu. Alikuwa ameshafika mbali, mikono nyuma, akitazama madirisha ya maduka kama mgeni aliyeshuka mjini leo, na zile buti za mpira zikilia kwenye lami kila hatua, watu wakigeuka, naye hasikii.

Tangu Jumatano ile hajashika tena vijiti vya kukaangia. Nao ndiye anayewakaangia, na anasikiliza peke yake.

Bwana Kamegai, unarudi Murakami kwa dada yako, mahali wanapojua kupika samaki kwa namna nyingi kuliko siku za mwaka. Kwa niaba ya Mama Sugimori, ya Nao, ya wote waliokula mbele yako wakanyamaza, tunakushukuru. Ile asante uliyoshindwa kuitoa, naipokea mimi kwa niaba ya mwenzako, na ya kwake nakupa wewe, maana najua naye hakuisema. Ulale hadi jua lipande. Ule chakula kikiwa cha moto, ukiwa umeketi. Na siku zako zote zilizobaki ziwe nyepesi, kama mvua iliyoiva.